Nyasi za mapambo kwenye bustani kavu: mwongozo kamili wa kupanda na kutunza

Mvua ya Dodoma ikiaga mwishoni mwa Aprili, imeaga. Mei, Juni, Julai, mpaka Novemba, hakuna tone la maana, na upepo wa katikati ya mwaka unaingiza vumbi jekundu hadi ndani ya kabati la vyombo. Kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Pamoja na hayo, mtu akimaliza kujenga jambo la kwanza ni kutandika majani ya Pemba mbele ya nyumba, nyasi ya pwani iliyozoea unyevu, kisha anaimwagilia kila jioni kwa maji ya dumu. Ikifika Septemba ina rangi ya gunia.

Nilihangaika nayo misimu mitatu kabla ya kuing'oa. Kipande kile kile cha ardhi sasa kina mashina arobaini na kitu ya nyasi ndefu, na mengi hayajaguswa na mpira wa maji tangu msimu wao wa pili. Mwezi wa nane, mtaa ukiwa umekauka, ndipo yanapopendeza kuliko wakati wowote: masuke yana rangi ya asali, jua la saa kumi na moja jioni linapita katikati yake, na upepo ule ule unaotuchosha unayafanya yacheze mchana kutwa.

Neno langu ni moja, na mengine yote hapa chini yanalifuata: mwaka wa kwanza unalea mizizi, hulei majani. Ukikosea hapo utamwagilia maisha yako yote.

Kwa nini nyasi inaweza na ua haliwezi

Nyasi hukulia chini. Sehemu yake inayotoa jani jipya imejificha karibu na usawa wa udongo, ndiyo maana ng'ombe akila leo, baada ya siku chache kuna kijani tena. Kiangazi kikikaza, majani ya nyasi nyingi za nyika hujikunja kwa urefu wake kama mkeka, ili upepo na jua vipate mahali padogo pa kunyonyea maji. Jua likizidi, sehemu ya juu inakauka kabisa na uhai unarudi kwenye kitako cha shina na mizizini.

Kwa hiyo rangi ya kahawia siyo kifo. Wengi wanang'oa nyasi nzima mwezi wa tisa wakidhani imekufa. Kabla hujang'oa, piga magoti, tenganisha majani makavu kwa vidole mpaka ufike chini kabisa, uchomoe bua moja na ulibonyeze kitako kwa ukucha. Likiwa jeupe au la kijani hafifu na ukucha ukaacha alama ya unyevu, liache, linasubiri mvua. Likivunjika kama kijiti cha kiberiti, hapo kweli limekwisha.

Kuchagua nyasi

Mimi huanza na Themeda triandra. Ndiyo nyasi iliyotawala sehemu kubwa ya mbuga za Serengeti, na kama umewahi kupita nyika yoyote ya Afrika Mashariki baada ya mvua umeiona: inafika kiunoni, na ikianza kukauka inageuka rangi ya shaba, nyekundu na chungwa kwa pamoja. Nakuomba uchukue mbegu yake moja uiangalie kwa karibu. Upande mmoja ina ncha kali, upande wa pili ina unywele mweusi mrefu, umejisokota kama kamba na kupinda katikati. Iweke kiganjani, itie tone la maji au mate, ungoje kidogo. Unywele unaanza kujisokotoa wenyewe, mbegu inajizungusha na kujisukuma kiganjani mwako. Shambani hivyo hivyo: unyevu ukija unajifungua, jua likirudi unajisokota, na kila mzunguko unaiingiza mbegu ardhini bila jembe la mtu. Watoto wangu walikaa nayo mchana mzima.

Ya pili ni Cenchrus ciliaris, ngumu kuliko zote ninazozijua hapa. Masuke yake ni kama mikia midogo ya paka, ya kijivu hadi zambarau, na kwa kawaida shina halizidi mita moja. Wafugaji wanaijua kama malisho, na kituo cha utafiti wa mifugo cha Kongwa kimefanya nayo kazi kwa miaka mingi, kwa hiyo mbegu zake zinapatikana kwa wauza mbegu za malisho. Tatizo lake ni kwamba inasambaa. Ilipelekwa Australia na Marekani kwa ajili ya ng'ombe, na leo huko inatajwa miongoni mwa magugu yanayobeba moto jangwani. Hapa kwetu ni mwenyeji na ina wa kuipunguza, lakini ndani ya uzio mdogo kata masuke yake kabla hayajapukutika.

Binamu yake Cenchrus setaceus ndiye anayeuzwa sana kwenye vitalu vya kando ya barabara: shina la mviringo linalomwagika pande zote kama maji ya chemchemi, na masuke marefu laini ya waridi. Kuna aina ya majani ya zambarau iliyokolea. Hiyo karibu haitoi mbegu zinazoota, kwa hiyo haikusumbui, ila inahitaji maji mengi kidogo kuliko ile ya kijani. Msomaji uliyeko Ulaya, ile ya kijani usiiguse: tangu 2017 imo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya mimea vamizi, kuipanda au kuiuza ni kosa.

Vetiva, Chrysopogon zizanioides, asili yake ni India. Haina masuke ya kuvutia macho, lakini ina umbo: majani membamba yaliyosimama wima hadi mita moja na nusu, na mizizi inayoshuka moja kwa moja chini mita 3 hadi 4. Kama kiwanja chako kina mteremko na mvua inakula udongo, panda vetiva kwanza, mengine baadaye. Aina zinazopandwa kwa kukinga udongo hazioti kwa mbegu, kwa hiyo inabaki pale ulipoiweka.

Mchaichai hauhitaji maelezo. Watu wanausahau kwa sababu ni wa chai, lakini shina lililokomaa, likipewa nafasi ya mita moja pembeni ya kibaraza, ni pambo kamili, na harufu yake jioni hakuna ua la kuishinda. Kwa kiangazi chetu utataka ndoo ya maji kila wiki mbili, basi.

Kwa sehemu za mawe tafuta Melinis repens, ile nyasi fupi yenye vichwa vya waridi vinavyong'aa kama hariri kando ya barabara zetu mwezi wa tatu na wa nne. Haiishi miaka mingi, inajipanda upya yenyewe. Eragrostis superba nayo ni nzuri, ina vimbegu bapa vinavyoning'inia, na inavumilia udongo uliochoka.

Usipande hizi: mabingobingo, kwa sababu yanakunywa kuliko mgomba, Cortaderia selloana, lile shina kubwa la Amerika Kusini lenye manyoya meupe ambalo watu huliona kwenye picha za harusi, limekuwa gugu katika nchi kadhaa, na Imperata cylindrica, hata kama mtu anakuletea ile yenye ncha nyekundu. Mizizi yake ni sindano zinazotambaa chini ya ardhi, na ukishaiingiza bustanini hutoitoa.

Kuandaa ardhi

Udongo wa kati ya Tanzania una tabia yake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa, wakaja na matrekta. Ardhi ikikauka ikawa ngumu kama saruji, majembe ya chuma yakalika, na kufikia 1951 mradi ukaachwa. Ardhi hiyo hiyo ndiyo uliyo nayo uani, na mara nyingi mbaya zaidi, kwa sababu mafundi wameikanyaga mwaka mzima na kumwaga mabaki ya zege.

Usilime eneo zima. Chimba shimo kwa shimo. Jioni mwaga ndoo moja ya lita 20 pale unapotaka kuchimba, asubuhi utakuta jembe linaingia. Shimo liwe sentimita 40 kwenda chini na 40 kwa upana, na chini kabisa upige sururu mpaka uvunje ule utando mgumu. Hapo ndipo pa kutoa jasho. Mzizi ukigonga utando huo unageuka kutambaa juu juu, na nyasi yenye mizizi ya juu juu itakuomba maji kila kiangazi.

Kisha jaza shimo maji na utazame. Likibaki na maji baada ya muda wa saa nne au tano kupita, pale pana mfinyanzi. Inua tuta la sentimita 15 upande juu yake. Nyasi hizi zinastahimili kiu, haziwezi kulala na kitako kwenye tope.

Samadi iliyooza vizuri, viganja viwili kwa shimo, uchanganye na udongo uliotoa. Viwili tu. Msimu wangu wa kwanza nilijaza nusu shimo samadi ya kuku, nikaona Themeda inapanda haraka, nikafurahi. Mwezi wa tano ililala chini yote, majani laini, mabua dhaifu, na Julai ilikuwa inanyauka huku majirani zake niliowanyima wamesimama. Mbolea ya chumvichumvi usitie kabisa.

Kwenye mteremko, upande wa chini wa kila shimo weka kingo ya udongo ya nusu mwezi, urefu wa kiganja. Mvua yetu huja kwa kishindo na kukimbia. Kingo hiyo inaishika palepale.

Kupanda

Ngoja mvua mbili nzuri zipite, udongo uwe umelowa hadi urefu wa mkono ukichimba. Kwa Dodoma hiyo ni katikati au mwisho wa Desemba. Mvua ya kwanza ya Novemba inadanganya, inaweza kufuatwa na wiki tatu za jua. Ukichelewa kupita Januari, mizizi haitapata muda wa kutosha kabla ya Mei. Zingatia pia kwamba Februari mara nyingi mvua husimama. Miche yako iwe imeshika kabla ya hapo.

Mwanzo mzuri ni kipande cha shina la mtu mwingine, siyo mbegu. Omba kwa jirani, au nunua kitaluni. Usiende kuchimba kwenye hifadhi. Gawa shina kwa panga, kila kipande kiwe na machipukizi matatu hadi matano na mizizi yake. Kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi ibaki 10. Watu wanaona huruma kukata, lakini majani marefu yanapoteza maji ambayo mizizi iliyokatwa haiwezi kurudisha. Koroga udongo na maji uwe mzito kama uji, chovya mizizi humo, funika kwa gunia bichi kivulini, upande siku hiyo hiyo jioni.

Kitako cha shina kikae usawa wa udongo, kisizikwe wala kisielee. Shindilia kwa kisigino mpaka ukivuta jani moja linakatika badala ya mche kung'oka. Zungushia beseni la udongo la nusu mita, mwaga lita 5 polepole.

Nafasi: Themeda, Eragrostis na Cenchrus ciliaris sentimita 50, Cenchrus setaceus 70, mchaichai mita moja, vetiva ya pambo 80, ya kukinga udongo 10 hadi 15 kwa mstari mmoja unaofuata usawa wa mteremko. Mwanzoni patakuwa na upara kati ya shina na shina. Vumilia. Na usipange mistari kama mahindi: weka matatu hapa, matano pale, moja peke yake karibu na jiwe kubwa. Mawe ya granaiti tunayo bure, na hakuna kinachoipendeza nyasi kuliko jiwe zito pembeni yake. Alovera na bogenvilia zinakaa nazo vizuri.

Maji ya mwaka wa kwanza

Wiki mbili za mwanzo, kama mvua haijanyesha, lita 2 kwa shina kila baada ya siku mbili. Kisha, mpaka mwisho wa mvua, lita 5 mara moja kwa wiki pale tu mvua inaporuka wiki nzima. Mei hadi Agosti lita 10 kwa shina kila siku ya kumi na nne. Septemba hadi Novemba kila baada ya siku kumi, maana jua la Oktoba halina huruma. Msimu wa pili ndoo moja kwa mwezi inatosha, na baada ya hapo achana nazo, isipokuwa mchaichai na ile ya zambarau.

Sababu ya kumwaga maji mengi na kwa nadra ni kwamba mzizi hufuata unyevu. Maji ya kila jioni yanalowesha vidole viwili vya juu, na mzizi unabaki kwenye vidole hivyo viwili. Chukua kipande cha nondo, kichomeke kando ya shina saa moja baada ya kumwagilia. Kikiingia sentimita 30 bila kugoma, umefanya kazi. Kikigoma kwa 10, umelowesha vumbi.

Maji ya kusuuzia nguo, yale ya pili yasiyo na povu, yanafaa kabisa. Yale ya kwanza yenye sabuni ya unga mwaga kwingine. Mashina yaliyo mbali niliyatobolea chupa za lita moja na nusu tundu moja dogo chini, nikazizika nusu; mtoto anazijaza kila Jumapili.

Matandazo, mchwa na mbuzi

Kwa kilimo cha mboga tunatandaza majani makavu. Hapa nakushauri kokoto au moramu, tabaka la vidole vitatu. Majani makavu yanaita mchwa, na mchwa wa Dodoma hawahitaji kuitwa. Kwa kweli hawaui nyasi iliyoshika. Wanachokula ni majani yaliyokufa. Hatari ni kwa miche ya miezi ya mwanzo, ambapo wanapandisha udongo wao hadi kwenye kitako. Uvunje udongo huo kwa mkono kila unapouona, acha kitako wazi, nyunyiza majivu kukizunguka na urudie baada ya mvua.

Mbuzi ni suala la uzio. Themeda ni tamu, na mbuzi mmoja dakika kumi anamaliza mwaka wako. Kama huna ukuta, zungushia matawi ya miba mwaka wa kwanza. Shina lililoshika likiliwa litarudi, lenye miezi mitatu linang'oka na mizizi.

Nyoka na moto

Hili ndilo swali la kwanza la kila mgeni anayefika kwangu, na ni la haki. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata chakula na mahali pa kujificha. Acha upana wa mita moja na nusu wa moramu tupu kati ya nyasi na nyumba, na kwenye njia zote. Punguza majani ya chini yanayolala, uweze kuona ardhi chini ya shina. Pumba, magunia na matofali yaliyorundikwa yasikae karibu na nyasi. Usiku pita na tochi.

Moto ni hatari zaidi, na watu hawauulizii. Kuanzia Julai shina hizi ni kuni nyembamba. Zikae mita tatu kutoka jikoni, banda la kuku, tangi la gesi na pale mnapochomea takataka. Ukuta wa nyuma unaopakana na kiwanja cha wazi usiuwekee nyasi kabisa, maana huko watu huchoma moto bila taarifa.

Kukata

Mara moja kwa mwaka, Novemba, mawingu yakianza kujikusanya. Siyo Mei. Ukikata Mei unapoteza pambo lote la kiangazi, na unakiacha kitako uchi mbele ya jua miezi saba.

Funga shina zima kwa kamba ya katani katikati ya urefu wake, kisha kata chini ya kamba kwa mundu mkali. Mzigo wote unatoka kama mganda mmoja. Vaa mikono mirefu, hasa kwa vetiva na mchaichai, majani yake ni wembe. Themeda, Eragrostis na Cenchrus ziache sentimita 15, mchaichai 20, vetiva 40. Usichome moto uani ili kuokoa muda.

Kugawa, na mbegu

Mwaka wa tatu au wa nne utaona katikati ya shina pamekufa na pembeni panaota, kama pete. Wakati wa mvua za Desemba ling'oe zima, lipasue kwa shoka au panga, tupa katikati, panda vipande vya pembeni kama nilivyoeleza. Shina moja la Cenchrus setaceus linatoa kwa urahisi vipande nane.

Mbegu za Themeda vuna pale masuke yanapoanza kuachia kwa kuguswa tu. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, usitumie nailoni, uweke mahali pakavu panya hawafiki, na uandike tarehe. Tarehe ni muhimu kwa sababu mbegu mbichi ya Themeda, na ya Cenchrus ciliaris vilevile, hulala miezi mingi kabla ya kukubali kuota. Wengi wanazipanda wiki hiyo hiyo, hazioti, wanadhani ni mbovu. Za kwangu za Aprili zitangoja Desemba, nusu yake tu. Nusu nyingine itakaa mpaka Desemba inayofuata, kwa kuwa kila mwaka ninaoongeza nakuta zinazoota zimezidi.